Barua Ambayo Mama Hakuwamo

Barua zinazonifikia siku hizi huanza na maneno yasiyo na mwenyewe. Kufuatia hili. Kutokana na lile. Kuhusiana na mpaka wa shamba, kuhusiana na bomba la maji. Huziweka chini ya kikombe cha chai mpaka chai iishe, na mara nyingi chai ikiisha sina hamu tena ya kuzisoma. Wajukuu hudhani ni uvivu wa uzee. Waache wadhani. Nilifanya kazi ya barua karibu maisha yangu yote, na kati ya hizo zote ni moja tu iliyonichosha namna hii.

Miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni nilikuwa karani katika shamba moja la kahawa upande wa Ruiru. Karani ni neno kubwa. Nilikuwa mtu wa kupiga taipu, kubandika stempu na kupeleka barua za shamba posta ya Thika kila Jumamosi kwa lori. Kwa ajili ya kazi hiyo nilikuwa na pasi ya kutembea, karatasi ambayo wengi wa rika langu hawakuwa nayo, na sitajifanya kwamba sikuringa. Niliitia katika mfuko wa shati, upande wa kifua, kona yake ikichungulia nje.

Nilikaa na mama kijijini Gitothua, katika nyumba ya udongo. Mimi ni mwanawe wa pili, na kwa desturi yetu mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la babake mama, kwa hiyo maisha yake yote mama aliniita baba. Kaka yangu, kifungua mimba wake, alikuwa seremala. Asubuhi moja walikuja askari na lori wakamchukua pamoja na wanaume wengine, na baada ya majuma kadhaa ikaja karatasi ya kusema kwamba amewekwa kizuizini "pending inquiries". Nikamtafsiria mama: mpaka uchunguzi umalizike.

"Nani anachunguza?" mama akaniuliza.

Nikaitazama karatasi tena, mbele na nyuma.

"Haijasema, mama."

"Basi andika uwaulize."

Sikuandika. Siku zile aliyeuliza alikuwa anajitafutia nafasi kwenye lori litakalofuata, na mimi nilikuwa na pasi yangu ya kulinda. Nimekuwa na miaka mingi ya kulitafutia jambo hilo jina zuri kuliko woga, na sijalipata.

Mwaka wa pili wa kaka kukaa kizuizini, macho ya mama yakaanza kwenda. Kwanza alishindwa kutia uzi kwenye sindano, akasema sindano za siku hizi hazina tundu. Kisha akawa anachagua maharagwe na kuacha mawe, nami nikala, nikatafuna mawe na kunyamaza. Ilipofika mahali anamjua jirani kwa kikohozi chake tu, nikampeleka hospitali. Daktari akamwangalia kwa taa na kusema huu si ule mtoto wa jicho unaotolewa kwa kisu. Mshipa wa ndani ndio unaokufa, polepole, na hauna dawa. Mwaka mmoja, labda usifike.

Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kiti kilichotengenezwa na kaka, akavua leso ya kichwani, akaikunja magotini.

"Baba," akasema, "nataka kumwona mwanangu kabla sijaacha kuona. Hilo tu. Nikishaacha, wamweke watakavyo."

Safari hii nilikubali kuandika, na hapo ndipo Kiingereza changu kinapoingia katika habari hii. Kila Jumamosi, nikishamaliza posta na lori likiwa bado linapakia, nilikuwa nasoma Kiingereza kwa mzee mmoja wa mtaa wa Majengo, mjini Thika. Alikuwa Mwislamu, babu zake walitoka pande nyingi, na yeye mwenyewe alikuwa amestaafu ukarani. Tulikuwa wanafunzi wanne kwenye benchi moja barazani kwake, na ubao ulikuwa mlango wa kabati lililovunjika. Upepo ukivuma kutoka mashamba ya mkonge ulituletea harufu ya majani yaliyooza, na mwalimu alikuwa akijifunika pua kwa kitabu bila kuacha kufundisha.

Jumamosi moja aliandika neno "considering", kufikiria au kuzingatia, akauliza ni neno la aina gani. Mmoja wetu akasema ni kitendo. Mimi nikasema ni neno la kuunganisha tu, kama "kwa" na "katika", kwa maana nilikuwa nimeliona hivyo kwenye barua za ofisini. Mwalimu akasema wote wawili tumesema kweli, ila mwenzangu amelikuta neno asubuhi nami nimelikuta jioni.

"Zamani lilikuwa na mwenyewe," akasema. "Chifu, akiufikiria umri wa mzee, alimsamehe. Anayefikiria ni nani?"

"Chifu," tukajibu.

"Vizuri. Mwingereza akazoea. Siku moja akasema, kwa kuufikiria umri wake, mzee huyu anatembea vizuri. Haya, sasa anayefikiria ni nani? Mzee?"

"Mzee," mmoja wetu akabahatisha.

"Mzee anatembea tu, hajafikiria kitu. Hakuna mtu. Mwenyewe ametoka na neno limebaki. Likatumika hivyo mpaka watu wakasahau kwamba lilipata kuwa na mtu." Akaelekeza chaki msumarini, ilipotundikwa kanzu yake ya Ijumaa. "Mikono ipo, shingo ipo. Mimi niko hapa."

Akatupitisha katika mengine. "During" lilitoka kwenye kitendo cha kudumu ambacho Waingereza wenyewe walikwisha kukitupa: vita vikidumu, mvua ikidumu. "Notwithstanding" ni jambo lililosimama mbele yako likashindwa kukuzuia. Na tusiwacheke, akasema, kwani hata "kuhusu" yetu ilikuwa kitendo kizima, jambo linamhusu mtu fulani, na sasa tunaibandika juu ya barua bila kujali inamhusu nani. Alipofika kwenye "pending" akasema ni shauri likiwa linaning'inia.

"Linaning'inia wapi, mwalimu?" nikauliza.

Alijua habari ya kaka yangu. Akafuta ubao kwanza.

"Pale lilipotundikwa," akasema. "Aliyelitundika hatajwi."

Mtu mwenye akili angeondoka pale na onyo. Mimi niliondoka na orodha. Nilikuwa na daftari la maneno hayo, na kila barua iliyofika shambani kutoka serikalini niliikagua kwanza, nikachomoa yaliyomo. Maneno yale yalinipendeza kwa sababu yalikuwa ya watu wasiofokewa. Bwana wa shamba aliweza kunifokea mimi, lakini barua iliyoanza na "Regarding", yaani kuhusu, aliisoma amesimama.

Basi barua ya mama niliipiga taipu hivyo, saa ya chakula, ofisi ikiwa tupu. Ilianza na "Regarding", ikapita "considering", ikavuka "pending", ikatulia kwenye "notwithstanding previous correspondence", yaani licha ya barua zilizotangulia. Hakuna barua iliyokuwa imetangulia. Nilipenda tu jinsi maneno yale yalivyoujaza mstari. Na juu kabisa, kulia, nikaweka namba. Barua zote zilizotujia kutoka ofisi ile zilikuwa na namba pale, yenye mistari ya mshazari katikati, nami nilidhani ni adabu, kama salamu. Nikachukua barua iliyokuwa karibu mezani nikainakili namba yake ilivyo.

Jumapili nikamsomea mama, nikimfasiria kila mstari. Alikaa wima kama yuko kanisani. Nilipomaliza akaniambia nirudie, nikarudia, kwa sauti ya kujisikia zaidi.

"Ni nzuri," akasema. "Inatembea vizuri. Sasa niambie, mimi niko wapi hapo?"

"Uko chini, mama. Nimeandika, aliyeandikwa hapa chini."

"Chini. Na macho yangu?"

"Yamo. Nimesema, kwa kuzingatia hali ya macho."

"Macho ya nani?"

"Mama, itaeleweka."

"Na kutaka? Mimi ndiye ninayetaka. Umesema nataka?"

"Nimesema kuachiliwa mapema kunaombwa."

Akafikiri kidogo. "Kunaombwa na nani?"

Nikakasirika. Nikamwambia hicho ndicho Kiingereza cha ofisi, si cha kuzungumza kisimani, na kwamba nikiweka mimi na nataka wataona ni barua ya mshamba. Akakubali, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Aliomba jambo moja tu, aweke kidole gumba chake. Nikamwambia wino utachafua karatasi.

Hapo ilikuwa mvua ndefu ya masika imeanza. Jumamosi iliyofuata niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi moja ya serikali mjini Thika, ambayo sitaitaja, nikaiacha mezani kwa karani, nikatoka nimeinua kichwa.

Halafu tukangoja. Kila Jumamosi nikirudi nilimkuta mama mlangoni. "Wamejibu?" "Bado, mama." Mwanzoni alikuwa akiniona nikishuka kwenye lori. Baadaye akawa ananijua nikifika kwenye ua. Kahawa ikaiva, wanawake wakaingia mashambani na mitungi ya bati, mimi nikawa nahesabu madebe kutwa na kurudi nikiwa sina nguvu hata ya kumdanganya vizuri. Siku moja, wakati wa mavuno, alimwita jirani baba, akampokea kikapu, akaanza kumwuliza habari za barua. Jirani akanitazama. Nikaenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Kwa nini sikwenda kuuliza mapema? Nilijiambia kwamba serikali haiharakishwi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na imani kubwa na barua yangu. Nilidhani ukimya wa muda mrefu hivyo ni dalili kwamba imefika juu sana.

Mavuno yalipokwisha nikaenda. Karani wa pale alikuwa kijana kama mimi, kalamu tatu mfukoni, mpole. Akatoa furushi la barua za watu wanaoombea ndugu zao, akapekua zote. Yangu haikuwamo.

"Uliandikaje, karani mwenzangu?"

Nikamkariria. Nilikuwa naijua kwa moyo. Akaanza kutikisa kichwa kabla sijafika katikati.

"Hiyo si barua ya mtu," akasema. "Hiyo ni ya ofisi."

Akanionyesha trei mbili za waya mezani. Ya kushoto ilikuwa ya barua za watu, zilizoandikwa kwa mkono, nyingi zikiwa na alama ya kidole. Hizo zilisomwa kwa sauti kila Jumatano mbele ya bwana mkubwa, moja moja, na kila moja ilipewa jibu, ndiyo au hapana. Ya kulia ilikuwa ya barua za ofisi kwa ofisi, zilizopigwa taipu. Hizo karani aliangalia namba, akazitia kwenye faili lake. Kama barua haisemi nani afanye nini, hakuna anayefanya kitu.

"Ilikuwa na namba?"

Nikamtajia. Akafungua kabati, akatoa faili nene, akalifungua mezani. Lilikuwa faili la josho la ng'ombe. Kati ya barua ya dawa ya kupe na barua ya kuomba saruji ya kukarabati josho, pale ndipo mama yangu alipokuwa amelala tangu mvua ndefu, ametobolewa matundu mawili pembeni.

"Imesema licha ya barua zilizotangulia," karani akasema, kama anayejitetea. "Nikajua mnaendelea na mazungumzo yenu." Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, "Ungeandika kama mtu, ingesomwa Jumatano ileile."

Kama kuna mahali pa kukasirikia ofisi, nimepatafuta. Waliomchukua kaka bila kosa ninawajua, na hasira yangu juu yao haijapoa mpaka leo. Lakini miezi ile ya macho ya mama hawakuichukua wao. Mimi ndiye niliyeandika barua ile. Mimi ndiye niliyemkatalia kidole chake. Nimeyaandika haya hivyo, na mtendaji nimemweka mbele, ingawa nimechelewa.

Karani akaniuliza kama naitaka karatasi yangu. Nikaichukua, nikaenda nayo Majengo. Haikuwa Jumamosi, mwalimu alikuwa anamwagilia sukumawiki zake. Akasoma barua amesimama, kopo la maji mkononi.

"Hakuna kosa hata moja," akasema.

"Ilikaa kwenye faili la ng'ombe."

"Ndiyo. Ingekuwa na makosa ingeenda kwingine." Akanirudishia. Aliponitazama alionekana amechoka kuliko mimi. "Nilikufundisha jinsi neno linavyompoteza mwenyewe. Nikadhani nimekuonya. Mama yako alisemaje ulipomsomea?"

"Aliuliza yuko wapi."

Mwalimu akaweka kopo chini. "Basi kamwulize yeye namna ya kuiandika. Sina la kukufundisha hapo."

Nyumbani nilimwambia mama kwamba barua ilipotea katika mafaili na itabidi tuandike nyingine. Hakuuliza ilipoteaje. Akasema, "Leo ngoja mimi niseme, wewe ushike kalamu." Nikaandika kwa Kiswahili, kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari lile lile la orodha yangu, na sikuongeza neno.

Mimi ni mama, akasema. Huyu mliye naye nilimzaa kabla ya wengine. Kiti ninachokalia alinitengenezea yeye. Macho yangu yanakufa, na jana sikuuona moshi wa jiko langu mwenyewe. Nataka kumwona mwanangu. Kama mna kazi naye bado, mtamchukua tena nikishamwona.

Nikapaka kidole chake wino. Akanyoosha mkono, ukaenda pembeni ya meza, mbali na karatasi, ukawa unapapasa mbao. Nikaushika nikauelekeza. Nilikuwa sijajua kwamba imefika hapo.

Barua ikasomwa Jumatano. Jibu likaja baada ya majuma manne: ndiyo. Ikachukua miezi mingine miwili, kwa mihuri na malori na kambi ya kupitia, kabla hawajamwachilia. Katika miezi hiyo miwili, mama alimaliza kuona. Sijui siku yenyewe. Hakutangaza. Niligundua tu kwamba anajua kumekucha kwa joto la jua usoni, na kwamba taa ikizimika anaendelea na kazi.

Kaka alifika alasiri moja kahawa ikiwa imechanua, shamba zima jeupe na lina harufu ile tamu inayoumiza kichwa. Nilimwona kwanza mimi. Alikuwa anatembea katikati ya njia kama mtu asiyejua akae upande gani. Mdomo ulikuwa umebonyea, meno ya mbele hayapo. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole viwili visivyokunjika, naye ni seremala. Na kutoka sikioni mpaka kidevuni lilikuwapo kovu nene, lililoshonwa vibaya au halikushonwa.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Alisikia hatua, akasimama, akakaa tena. Kaka akapiga magoti mbele yake. Mama hakumgusa. Akageuza uso upande wangu.

"Baba, wewe una macho. Niambie amekuwaje."

Nilikuwa na maneno. Maneno sijawahi kuyakosa mimi. Nikasema, "Hajabadilika, mama. Ni yuleyule. Kukonda kidogo tu."

Yalitoka bila kukwama, kama yaliyopigwa taipu. Kaka akaniangalia, akainamisha kichwa.

Mama akanyoosha mikono. Akaanza kwenye nywele, akashuka kwenye paji la uso, kwenye nyusi. Akafika sikioni, na kidole gumba chake kikalikuta kovu. Kikasimama. Kisha kikaanza kulifuata, taratibu, kwenda chini, shavu lote, mpaka kidevuni, kikarudi juu, kikalifuata tena. Akagusa mdomo, akajua na hilo. Akachukua mkono wa kulia akahesabu vidole, akajaribu kuvikunja vile viwili, akaviacha.

"Baba," akaniambia mwishowe, bila kugeuka, mkono wake ukiwa umerudi pale shavuni, "umenisomea tena ile barua ya kwanza."